Nadhiri ya Barafu

Siku ya arubaini ya Shangazi Mgeni, mimi ndiye niliyemwaga barafu yake. Nalisema mapema kwa sababu najijua, nikijiachia nitalizungukazunguka mpaka lipoe. Nilikuwa nimetoka Plano asubuhi, nimefika Missouri City, nje kidogo ya Houston, jua limeshawaka, na wanaume wa msikitini wameshaleta nyama ya hitma, masanduku juu ya masanduku, na friji ya jikoni haina hata pa kutia limau. Nikaenda gereji kwenye ile friza yake ndefu, nikainua kifuniko. Imejaa barafu, si ya kunata kwenye kuta, bali maji aliyoyagandisha mwenyewe ndani ya mifuko midogo ya nailoni, kila mfuko umefungwa fundo, umelazwa juu ya mwenzake mpaka juu. Nikacheka peke yangu. Nikasema masikini Shangazi, uzee huo, karudi utotoni. Maana kwao Unguja, alipokuwa msichana, nyumba yao ndiyo iliyokuwa na friji mtaani, na Ramadhani ikifika watoto walijipanga dirishani kununua barafu ya futari kwake. Basi nikatafuta beseni, nikaibeba mikupuo mikupuo, nikaimwaga kwenye majani nyuma ya nyumba, nikapanga nyama yangu vizuri, nikafunga kifuniko. Wala sikuifikiria tena hadi alasiri, wasomaji walipokuwa wamemaliza na sahani zimejaa kwenye karo.

Hapo ndipo alipoingia jikoni Mama Espérance. Huyu ni Mkongo wa Uvira, mlokole wa kufunga na kukesha, na miaka yangu ya chuo nilipanga chumba nyumbani kwake Fort Worth. Yeye ndiye aliyenifundisha kula sombe, kisamvu cha kwao, na kutoogopa barabara kuu. Alikuwa amekuja na mwanawe kwa gari, safari ya nusu siku, kitambaa cheusi kichwani, miguu imevimba. Nikamsalimu, "Shikamoo Mama," akanishika uso kwa mikono miwili. "Pole, ma fille, binti yangu. Pole sana. Ule mama alikuwa mutu." Akaangaza huku na huku, akauliza, "Friza yake iko wapi? Nilitaka nione ile barafu." Nikamwambia nimeitupa, nilitaka nafasi ya nyama. Alivuta kiti akakaa, akaufungua mkoba wake, akaufunga tena. "Yote?" Nikasema ndiyo, yote. Nikaona macho yake yanajaa machozi, nami nimesimama na sponji mkononi sielewi kosa langu ni lipi.

Ili mtu aelewe, lazima nirudi mwaka 2007, mwaka niliohamia kwa Shangazi nikiwa na shahada mpya ya mambo ya ramani na kibali cha kazi cha mwaka mmoja tu. Nilipata kazi Houston, kwenye kampuni ndogo yenye meli ya uchunguzi. Meli ile ilikokota nyaya ndefu baharini, zikisikiliza yaliyo chini ya sakafu ya bahari, na kilichosikilizwa kilikuwa mafuta. Mwaka ule mteja alitaka isikilize kule juu kabisa, kaskazini ya Alaska, na meli yenyewe ilikuwa imetia nanga inasubiri barafu ifungue njia. Kazi yangu ilikuwa barafu. Kila asubuhi nilichukua picha za setilaiti, nikachora ukingo wake, wapi imeshikana, wapi imelegea, nikampelekea bosi wetu, Dale, Mtexas mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ofisi yenyewe ilikuwa na baridi ya kutisha. Nje Houston inatokota, mvua mwaka ule hazikatiki, na mimi ndani nimevaa sweta na soksi mbili nikitazama bahari iliyoganda. Nikirudi nyumbani Shangazi ananipapasa vidole. "Wallahi hawa watakuua kwa pneumonia. Njoo ule." Na chakula kilikuwa chakula: mchuzi wa papa aliyemtafuta maduka yote ya Wahindi, mkate wa kumimina, maharage ya nazi, na chai ya mkandaa isiyo na maziwa, hata kama nje ni joto la kuchemsha yai. Alikuwa mjane, mikono yake ilikuwa ya kuhudumia wagonjwa majumbani mwao, na kabla sijaja, aliniambia, alikuwa akila amesimama.

Mwezi wa sita Dale akaniita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya, Dale. Alinikalisha, akaniambia kweli: meli ikiingia kazini kiangazi hicho, kampuni wata-file makaratasi yangu nibaki. Isipoingia, dawati la kaskazini linafungwa, na mimi na dawati ni kitu kimoja. Nilirudi nyumbani nimenuna. Shangazi alikuwa jikoni anakuna nazi kwenye mbuzi wake aliyembeba mpaka Amerika, amekaa kitako juu yake, kanga imefungwa kifuani. Akauliza nina nini. Nikamweleza yote, barafu, meli, makaratasi. Aliacha kukuna. "Kwa hivyo barafu isipovunjika, wewe unaondoka." Nikasema ndiyo, Shangazi. Kisha, na neno hili ni langu, hakunilazimisha mtu, nikasema, "Niombee ivunjike." Nililisema nusu mzaha, kama mtu anavyosema niombee nisikute foleni. Yeye hakufanya mzaha. Aliinuka, akanawa mikono, akasimama katikati ya jikoni ile yenye harufu ya nazi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Naweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu. Barafu hiyo ikivunjika, meli ikapita, na Rahma akabaki hapa, nachinja mbuzi nasomesha maulidi." Akarudi kwenye nazi yake. Nikamcheka. Nikamwambia Shangazi, mbuzi kwa ajili ya barafu? Akanijibu, "Kwani barafu haina Mola? Wewe kacheke, mimi sirudi kula nimesimama."

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini Shangazi alikuwa mtu wa kushika pande zote, na namba ya simu ya Mama Espérance nilishampa. Wiki ile ile kikundi chote cha maombi cha Fort Worth kikawa na habari. Nilienda kuwasalimia Jumamosi moja, nikawakuta sebuleni, akina mama wanane, wengine bado na sare za ghala walikofanya zamu, sufuria ya bugali mezani imefunikwa kwa taulo, na wote wamesimama wanapiga viganja. "Barafu, vunjika! Tunavunja! Njia, funguka kwa jina la Yesu!" Wapo waliokuwa hawajui hata barafu iko wapi, wanajua tu kuna binti yuko shidani. Mama Espérance aliniwekea mikono kichwani akaomba mpaka jasho likanidondokea puani. Mimi Mwislamu nimepiga magoti katikati ya zulia, nimefumba macho nasema amina, na kusema kweli nilifurahi. Sijawahi kupendwa vile na watu wengi kwa mpigo. Baadaye tulikula bugali na samaki, na mmoja wao akaniuliza, "Lakini ile barafu ikitoka, itaenda wapi?" Sote tukacheka.

Ikavunjika. Mola wangu, ikavunjika kweli. Kuanzia mwezi wa saba ukingo niliouchora asubuhi nilikuwa naufuta kesho yake. Wazee wa fani hiyo, watu waliotazama kaskazini maisha yao yote, walianza kuandikiana barua pepe fupi fupi zenye alama za mshangao. Kila Ijumaa nilichapa ramani moja nikampelekea Shangazi, naye akaibandika mlangoni pa friji kwa sumaku yenye umbo la tufaha, juu ya ile ya wiki iliyopita, ili weupe wa juzi na weupe wa leo aweze kuulinganisha kwa kufunua tu. "Inapungua," anasema, "Alhamdulillahi, inapungua." Mwezi wa nane meli ikapita. Dale alileta keki ofisini, tukapiga makofi, na alasiri hiyo hiyo makaratasi yangu yakaenda kwa mwanasheria. Nikampigia Shangazi kwa simu nikiwa kwenye ngazi. Alipiga kigelegele hadi mgonjwa aliyekuwa akimwosha akaanza kucheka naye. Ndiyo siku niliyokuwa na furaha kuliko zote katika ujana wangu, na nimejaribu sana kuikumbuka bila kuona haya. Siwezi.

Maana haikusimama. Meli ilishapita, makaratasi yameshakwenda, shida yetu imekwisha, na barafu inazidi kuondoka. Ramadhani mwaka ule iliangukia Septemba, na jioni moja ya siku za mwanzo tulikuwa tumefuturu, tende, uji wa pilipili manga, sambusa, mimi nimeegemea ukuta nimeshiba. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya friji anafunua ramani moja moja. "Rahma, meli si ilikwishapita?" Nikasema ilikwishapita. "Basi mbona haisimami?" Nikamwambia inaendelea tu, mwaka huu imekuwa kama haijapata kuwa. Akanigeukia. "Mimi niliomba ipishe njia, mwanangu. Sikuomba iishe." Nikaona uso wake, nikajaribu kumtuliza kwa elimu yangu. Nikamwambia Shangazi, si dua zako, ni dunia inapata joto, ni moshi wa magari na viwanda, ni haya mafuta tunayochoma. Akanisikiliza vizuri, kama anavyowasikiliza madaktari. Akauliza, "Na meli yenu kule imefuata nini?" Nikasema mafuta. Akairudia ile ramani ya juu. "Kwa hivyo barafu inaondoka kwa ajili ya mafuta, na sisi tumeomba iondoke ili wakayatafute mengine." Nikasema, ndivyo, ukitaka kuliweka hivyo. "Silitaki mimi. Nauliza nimeomba nini." Nikasingizia sala, nikaondoka.

Kesho yake aliniamuru nimpigie Mama Espérance, niweke simu mezani tusikie sote. Akamwambia, dada, wale wenzako wakomeshe maombi, imetosha, imepita kiasi. Mama Espérance akashangaa. "Tukomeshe? Mais mama, sisi tulishamaliza zamani. Sasa tunaombea Jeannette apate mimba." Kisha akaongeza, "Mungu akishaanza kazi, mimi siko na breki yake." Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Na ubaya wangu haukuishia kwenye kucheka. Nilikibeba kisa hicho ofisini, nikakisimulia kwenye chumba cha chai, nikaigiza sauti ya Shangazi, na watu wakavunjika mbavu. Dale alifuta machozi akasema, "Mwambie shangazi yako asiache, mwakani tuna meli mbili." Nami nikacheka naye. Mwanamke aliyeniwekea nadhiri nilimfanya kichekesho cha watu wa ofisi ile ya baridi, na nikaenda nyumbani nikala mchuzi wake.

Nadhiri ni deni la Mungu, halina kusamehewa. Baada ya Idi mbuzi akachinjwa kwenye shamba la Mpakistani mmoja nje ya mji, maulidi yakasomwa sebuleni, vyetezo vikafukiza udi hadi kengele ya moshi ikalia na vijana wakaipepea kwa mkeka. Pilau ilikuwa nzuri, nilijua kwa harufu tu. Nilipochukua sahani Shangazi akanishika mkono. "Hiyo hatuli. Mbuzi wa nadhiri haliwi na aliyeweka nadhiri wala wa nyumbani mwake." Nilikuwa sijui. Tukakaa sisi wawili jikoni na mkate wa jana na mchuzi wa kuku, tukisikiliza wageni wakisifu nyama. Nikamwambia kwa utani, Shangazi, walau furahi basi, nimebaki. Akanitazama kwa upendo mkubwa, hilo siwezi kulisahau. "Nimefurahi, mwanangu. Usije ukafikiri sikufurahi." Akachovya mkate wake. Kule mlangoni pa friji, ramani zilikuwa zimeondolewa, sumaku ya tufaha imebaki peke yake.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Nadhiri ile ilinunua kukaa kwangu, nami nilikaa miaka mitatu. Makaratasi yalipokamilika ikaja kazi Plano, kampuni kubwa, mshahara mzuri, nika-apply, nikapata, nikahama. Shangazi alinipakia sufuria na mbuzi wa nazi kwenye gari, akasema nenda, riziki haikataliwi. Akarudi kula amesimama, nadhani. Sikuuliza. Nilimpigia simu kila Jumapili, nikaja Idi zote, nikajihesabia mtoto mwema. Kila Septemba nikipiga alikuwa amefunga. Namuuliza, mbona umefunga, Ramadhani si imepita, ananijibu, "Sunna tu hizi." Wala hakuniuliza tena habari za barafu, hata mara moja, nami nikashukuru kwamba amesahau. Mimi nilikuwa nikijua kila mwaka ilivyo. Kazi yangu mpya haikuwa na uhusiano na kaskazini, lakini picha zile niliendelea kuzifungua, kama mtu anayepita mtaa wa nyumba aliyoibomoa.

"Ananipigia telefone kila mwaka, mwezi wa tisa," akasema Mama Espérance jikoni siku ile ya arubaini. Aliongea polepole, mkoba magotini. "Miaka yote hii. Ananiuliza, Mama Espérance, barafu imerudi? Mimi najua nini ya barafu? Ninamwambia, inarudi, mama, inarudi kidogo kidogo, tuendelee kuomba. Anafunga siku tatu, mimi nafunga naye. Yeye kwa dini yake, mimi kwa yangu. Halafu anajaza friza. Alikuwa anacheka mwenyewe, anasema, najua ni ujinga, lakini mimi ndiye niliyeomba itoke, wacha nirudishe yangu kidogo, nikifungua nikiona imejaa moyo unatulia." Nikakaa chini, sakafuni, maana kiti kilikuwa kimoja. Nikamwambia kwa nini hakuniuliza mimi? Mimi ndiye ninayejua! Ningemwambia haikuwa yeye. Ni kazi yangu mimi, ni meli yetu, ni gari langu hili nililokuja nalo, yeye alikuwa na nazi yake tu na mdomo wake. Mama Espérance akatikisa kichwa. "Nilimwambia hivyo, uliza Rahma. Akakataa. Anasema, nikimuuliza, atafikiri ninajuta kumuombea."

Sikulia pale pale. Niliinuka nikatoka nje kwa mlango wa nyuma. Majani yalikuwa yamelowa sehemu moja, mapana kama mkeka, na mifuko mitupu imelala juu yake, imepasuka ubavuni nilipoitupa, na mafundo yake bado hayajafunguka. Aliyafunga kwa vidole vyake, kila moja. Nikaiokota yote. Nikaona hata mmoja haukubaki na kipande, jua lilikuwa limemaliza kazi yake zamani, wakati mimi nimekaa ndani naitikia dua. Niliporudi jikoni Mama Espérance alikuwa bado anangoja, na akaniuliza kile alichokuwa akiulizwa yeye miaka yote. "Niambie sasa wewe. Imerudi?"

Nikamwambia kweli. Nikamwambia kila baridi inarudi, lakini nyembamba, na kila kiangazi inakwenda, na ile ya zamani, ile tuliyoikuta, haikurudi. Akafumba macho. "Kumbe nilimdanganya mpaka mwisho," akasema. Nikamwambia hapana, Mama, ulimfariji, mwongo wake ni mimi niliyenyamaza.

Nikavuta droo ya chini, ile ya mifuko, nikakuta furushi zima halijafunguliwa. Nikafungua bomba. Mama Espérance akainuka na miguu yake iliyovimba, akanishikia midomo ya mifuko, mimi najaza, yeye anafunga.